Jembe la Kuwasha Moto

Hapo zamani, wakati majembe yote ya nchi ya milimani yalipokuwa yakitoka katika tanuru moja tu, waliishi ndugu wawili wahunzi. Mkubwa aliitwa Senzota, mdogo aliitwa Kiangi. Senzota alishika nyundo, Kiangi alishika mvukuto. Senzota akisema "Vukuta!" Kiangi alivukuta, moto ukanguruma. Senzota akisema "Pumzika!" Kiangi alipumzika. Na jembe likitoka hapo, mtu alilima nalo maisha yake yote, akamwachia mwanawe.

Siku moja tanuru lilipasuka. Udongo wenye moto ulimwangukia Kiangi, na Kiangi akafa.

Tangu siku hiyo Senzota hakushika nyundo tena. Alikaa ndani ya nyumba yake, uso ameuelekeza ukutani. Mkewe, Mama Kajiru, alimpikia kila alichokuwa akikipenda, kisha akakimwaga kwa kuku. Mtu akiingia kumpa pole, Senzota alisema maneno mawili tu: "Ufunge mlango."

Na huko nje ardhi iliendelea kuyala majembe. Mwaka wa kwanza majembe yalilika yakabaki nusu. Mwaka wa pili yakawa kama vijiko. Mwaka wa tatu watu walichimba kwa vijiti, na mashamba ya juu yakarudi kuwa pori. Hakukuwa na mhunzi mwingine. Siri ya chuma waliijua ndugu wale wawili, na mmoja alikuwa kaburini, na mwingine alikuwa ukutani.

Sasa sikilizeni habari za Nanzia.

Katika nchi ile, mtu mwenye uchungu moyoni alipelekwa kwa msikilizaji. Msikilizaji alikaa nyuma ya mgongo wake, ili mgonjwa asione uso wa mtu, akawa anachambua maharage kwenye ungo. Mgonjwa alisema. Kwa kila neno zito, msikilizaji alitia punje moja ndani ya kibuyu. Maneno yakiisha, alimwaga punje zile mkononi mwa mgonjwa na kumrudishia maneno yake moja baada ya jingine: "Umeniambia hili. Umeniambia na hili." Kazi hiyo iliitwa kurudisha maneno, na Nanzia aliifanya vizuri kuliko wote. Ukimwambia jambo lililopinda, alikurudishia limenyooka. Watu waliingia kwake wameinama, wakatoka wakiulizana habari za mvua.

Alikwenda kwa Senzota mara tu baada ya mazishi. Alikaa nyuma yake siku nane, akachambua maharage mpaka yakawa safi kama shanga, na kibuyu kikabaki kitupu. Siku ya tisa Senzota alifungua kinywa. Akasema, "Mimi..."

Akanyamaza.

Nanzia alimhurumia. Tena alikuwa amengoja mno. Akamalizia mwenyewe: "Wewe huna kosa, kaka. Sote tunajua huna kosa."

Senzota akafumba kinywa. Akasogea karibu zaidi na ukuta, mpaka paji la uso likagusa udongo. Wala hakusema tena, si siku ile, si ya kumi, si ya ishirini.

Nanzia hakuelewa alichokifanya. Alijua jambo moja tu, kwamba kibuyu chake hakijapata kurudi kitupu. Akakikumbatia, akatoka. Mama Kajiru akamfuata mpaka njiani.

"Dada Nanzia, usiniachie mtu nusu namna hii."

"Sikuachii," alisema Nanzia. "Ninakwenda kutafuta. Nitarudi."

"Lini?"

"Nikijua ninachokitafuta."

Alikuwa amesikia kwamba juu kabisa, kwenye msitu ambao ukungu wake hauondoki, anaishi mwanamke mwenye uyoga wa pekee. Aliyeunywa ukiwa umechemshwa aliingia ndani ya jambo analoliogopa, akatoka upande wa pili. Mwanamke huyo aliitwa Nakadori. Hakuwa na kaka wala dada, lakini nchi nzima ilimwita Shangazi.

Nanzia alimkuta akikamua mbuzi.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekuja kuchukua uyoga."

"Marahaba. Chukua. Uko kwenye kikapu hicho hapo. Utampa mtu wako kiasi gani?"

Nanzia akakitazama kikapu. "Sijui."

"Haya. Akianza kulia kama mtoto, utafanya nini?"

"Nitambembeleza."

"Akitaka kukimbia?"

"Nitamshika."

"Akisema chumbani kuna nyoka?"

"Nitamwambia hakuna nyoka."

Shangazi alicheka, akacheka, mpaka mbuzi akashtuka na kupiga teke kibuyu cha maziwa. Maziwa yote yakamwagika.

"Ona sasa, umeninyima chai," alisema akijifuta macho. "Kaa hapa, bibi maneno. Uyoga ni jambo dogo, hata huyu mbuzi aliwahi kuula, akashinda akiutazama ukuta. Jambo kubwa ni mtu anayekaa kando. Huyo bado hujawa."

Nanzia akakaa.

Mwaka wa kwanza alijifunza kwa macho na mikono. Alijifunza kuutofautisha uyoga wa ukungu na pacha wake unaoua. Alijifunza kuukausha na kuupima. Alijifunza nani asipewe kamwe: mwenye moyo mgonjwa, mwenye mimba, na anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Alijifunza kwamba mtu lazima aombe mwenyewe, mara tatu, siku tatu mbalimbali. Alijifunza kumwuliza kabla hajanywa, "Nikuguse wapi ukiogopa?" na akisema mkono, basi ni mkono tu, na akisema usiniguse, basi hakuna. Alijifunza kwamba mwongozaji hanywi siku hiyo, kwamba mlango haufungwi kwa komeo, na kwamba kazi huanza umande ukikauka na huisha mbuzi wakirudi.

Kisha Shangazi akamwambia, "Sasa unywe wewe."

"Mimi sina ugonjwa, Shangazi."

"Vizuri. Basi utapumzika tu."

Nanzia akanywa. Mkeka aliolalia ukawa mto wa maji, mto ukampeleka mbali, ukamtua jikoni kwa mama yake. Mama yake alikuwa amekufa Nanzia akiwa na miaka kumi. Naye alikuwa hapo, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Kifuniko cha chungu kilikuwa kikigonga kwa mvuke, tak, tak, tak, kama zamani. Mama akampa mgongo, akasogeza kibuyu, akangoja. Hapo Nanzia akagundua jambo. Alikuwa amerudisha maneno ya nchi nzima, lakini yeye mwenyewe hajapata kutia punje moja katika kibuyu cha mtu yeyote. Akalia. Akaanza kumsimulia mama yake, tangu siku ile ya miaka kumi, na jua likapanda, na jua likashuka.

Mbuzi waliporudi, alimkuta Shangazi amekaa palepale alipomwacha, anatafuna muwa.

"Mbona hukuniambia hata neno moja?" aliuliza Nanzia.

"Ningekuambia nini?" alisema Shangazi. "Mama alikuwa wako."

Mwaka wa pili Shangazi alimwachia mtu wa kumwongoza. Mtu huyo aliitwa Mrutu, mrina asali aliyekuwa akitetemeka mikono kila alipopanda kwenye mizinga yake, tangu baba yake alipofariki wakiwa wamegombana. Aliomba mara tatu. Alipimwa, akapewa, akanywa, akalala. Shangazi alikuwa nje, anamtoa mbuzi mwiba.

Jua lilipofika katikati, Mrutu alisema, "Namwona mtu. Mrefu. Amesimama chini ya mzinga, amenipa mgongo."

Ulimi wa Nanzia ukawasha. Miaka yote ya kurudisha maneno ilipanda mpaka kwenye meno. Jambo lenyewe lilikuwa wazi mno! Akasema kwa upole, "Huyo ni baba yako, kaka. Amekusamehe."

Mrutu alilia kwa furaha. Alimshukuru Nanzia, akaenda zake akiimba. Na Nanzia akafurahi sana, akaanza kuhesabu siku za kurudi kwa Senzota.

Mwezi mmoja baadaye Mrutu alirudi. Hakuwa akiimba.

"Yule mtu alikuwa anageuka!" alisema, na sauti yake iliwafanya mbuzi wainue vichwa. "Alikuwa anageuka, Nanzia. Nilishaliona sikio. Bado kidogo ningeuona uso. Ndipo wewe ukampa jina. Akasimama. Sasa nikifumba macho nakuta mgongo, na sauti yako. Yako! Baba yangu hajaniambia kitu. Umeniambia wewe."

Shangazi alimpa tena uyoga baada ya miezi kadhaa, akamwongoza mwenyewe kwa ukimya. Mrutu alikaa na mgongo ule siku nzima. Haukugeuka. Haukugeuka tena kamwe.

Nanzia alifunga mzigo wake. "Nimemharibia mtu," alisema. "Tena kwa kile ninachokijua kuliko vyote."

"Umemharibia," alisema Shangazi. "Fungua mzigo."

Na Mrutu je? Angeweza kupita kilima hadi kilima akimtangaza. Hakufanya hivyo. Kila siku ya soko alipanda msituni, akakaa mbele ya Nanzia, akamweleza upya: neno lilipita wapi, lilimgonga wapi, mtu alisimamaje. Mara ya kwanza alieleza kwa hasira. Mara ya pili kwa hasira. Mara ya saba alieleza kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali penye utelezi. Nanzia alisikiliza bila ungo na bila kibuyu. Na siku moja, Mrutu akiwa katikati ya maneno, Nanzia alikumbuka ukuta, na paji la uso, na mtu aliyesema "Mimi..." Akaelewa alichomfanyia Senzota.

Mwaka wa tatu Shangazi alimfundisha kwa maji. Kila alipokuwa na mgonjwa, Nanzia alikaa pembeni akiwa na funda la maji kinywani. Asimeze, asiteme. Siku ya kwanza aliyameza. Siku ya pili alicheka, yakamlowesha mbuzi. Siku ya tatu mgonjwa alisema jambo la kuhuzunisha, naye akayameza tena ili aseme "pole", na Shangazi akamkodolea macho mpaka pole ikarudi tumboni. Ikapita masika, ikapita vuli. Hata ikafika siku ambayo Nanzia alitia maji kinywani umande ukikauka, akayatema kiganjani mbuzi wakirudi, yaleyale.

Shangazi akachovya kidole. "Yamekuwa ya moto."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi twende kwa mhunzi wako."

Walimkuta Senzota ukutani. Udongo ulikuwa umebonyea pale paji lake lilipoegemea miaka mitatu. Mama Kajiru alikuwa amekonda, lakini alimwona Nanzia akacheka: "Ulisema utarudi. Sikujua kwamba ulikuwa umekwenda kujengwa upya!"

Nanzia akakaa. Hakuchukua ungo.

Baada ya muda mrefu Senzota aliuambia ukuta, "Utaniambia sina kosa?"

"Hapana," alisema Nanzia.

"Utaniambia nini?"

"Hakuna."

Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, Senzota akageuza uso.

Shangazi akamweleza habari za uyoga, naye akauomba siku ile. Aliomba siku ya nne. Aliomba siku ya saba. Akaulizwa pa kuguswa, akasema, "Mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika nyundo." Shangazi akapima, Senzota akanywa, akalala kwenye mkeka. Shangazi akakaa nje ya mlango na mbuzi wake. Nanzia akatia funda la maji, akakaa kando.

Umande ulikauka. Jua likapanda. Senzota akaanza kutoka jasho. "Moto," alisema. "Moto! Moto!" Akainuka kutaka kukimbia. Nanzia akanyoosha kiganja. Senzota akaukamata mkono ule kwa mkono wake wa kushoto, akaubana kama koleo, akarudi kulala. Na jua likafika katikati, ndipo akasema:

"Mimi..."

Neno lilelile.

"Huna kosa" ilipanda. Nanzia aliisikia ikija kutoka kifuani, ikapita kooni, ikafika kwenye meno. Ikakuta maji.

"Mimi nini, Nanzia? Nisaidie! Mimi nini?"

Machozi yalimtiririka Nanzia mpaka kidevuni. Maji ya kinywani hayakutikisika.

"Mimi nilimsikia," alisema Senzota.

Akavuta pumzi.

"Aliniambia. Alisema, Kaka, upande wangu tanuru lina ufa. Nilimsikia. Yalikuwa yamebaki majembe mawili. Nikamwambia, Vukuta." Sauti ikapasuka. "Kila mtu ananiambia sina kosa. Nilimsikia! Nilimsikia nikamwambia vukuta!"

Akalia kilio ambacho Mama Kajiru, aliyekuwa uani, hakuwa amekisikia hata siku ya mazishi. Alilia mpaka kivuli cha mlango kikahama. Kisha akanyamaza, akafungua macho yaliyofumbwa, akawa anamtazama mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwona. Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Mwishowe akacheka kidogo, kama ndugu wanavyochekeana kazini. Kiangi alimwambia nini, Senzota hakumsimulia mtu, na Nanzia hakumwuliza.

Mbuzi wakarudi. Senzota akaketi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ninasikia njaa."

Uani mwiko ulianguka. Mama Kajiru alipiga kigelegele, jirani akakipokea, na jirani wa jirani, kikapanda kilima na kushuka upande wa pili. Nanzia alitoka nje, akayatema maji kiganjani. Shangazi akachovya kidole, akakitoa haraka, akakipuliza.

Lakini mtu aliyeamka bado si mtu aliyefua jembe. Shangazi alimwambia Mama Kajiru, "Mwanangu, uyoga umemfungulia mlango. Miguu ya kutembea haukumpa."

Kwa hiyo kila asubuhi Mama Kajiru alimshika mumewe mkono. Asubuhi ya kwanza walifika kizingitini. Ya pili, migombani. Ya tano Senzota aliwaita watu wote, akasimama mbele ya mama aliyewazaa yeye na Kiangi, akasema hadharani alichokisema mkekani; na baada ya kukisema alilala siku mbili, na Mama Kajiru akawazuia mlangoni wote waliotaka kuja kumwambia chochote. Ya kumi waliliona tanuru lililobomoka, na Senzota akakimbia. Mama Kajiru hakumcheka wala hakumsukuma. Asubuhi iliyofuata alimshika tena mkono. Asubuhi arobaini! Na jioni alikanda udongo, akalijenga tanuru upya kwa viganja vyake.

Siku ya kuwasha moto ilifika. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujipanga, watu wamesimama na vijiti vyao. Senzota alishika nyundo. Na pale kwenye kigoda cha Kiangi, penye mvukuto, hapakukaa mtu. Wanaume walitazama vidole vyao vya miguu.

Mama Kajiru alikaza kanga kiunoni, akakaa.

"Toka hapo!" walipiga kelele wanaume. "Tangu lini mwanamke akakaa penye mvukuto? Chuma kitakataa!"

"Kikikataa kitaniambia chenyewe, nyie kaeni na vijiti vyenu," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Kajiru. Nikikuambia kuna ufa?"

"Nitaacha."

"Hata likibaki jembe moja?"

"Hata likibaki nusu jembe."

"Basi sema."

Senzota akajaza kifua. "Vukuta!"

Mkewe akavukuta. Moto ukanguruma. Mchanga wa chuma ukaanza kung'aa. Ghafla Mama Kajiru akasema, "Ufa!" Ulikuwa mdogo kama unywele. Senzota akaitupa nyundo chini, akamvuta mkewe nyuma, moto ukaachwa ufe. Wakaziba. Wakaanza upya. Watu wakangoja, na hakuna aliyenung'unika, kwa maana kila mmoja alikuwa ameelewa anachokitazama. Na jua lilipoelekea magharibi, nyundo ilianza kulia, ngo, ngo, ngo, sauti ambayo watoto wa miaka mitatu hawakuwa wameisikia tangu wazaliwe. Jembe likatoka. Jipya, jekundu, zuri.

Basi watu waliimba! Wakavirusha vijiti motoni, wakalipokezana jembe lile kwa koleo, na bibi mmoja akaliambia, "Karibu nyumbani."

Sasa, desturi ya nchi ile ilikuwa hivi. Tanuru likifa kisha likawashwa tena, jembe la kwanza halilimi. Huitwa jembe la kuwasha moto. Hutundikwa juu ya mlango wa yule aliyeurudisha moto, na tangu hapo kila jembe linapofuliwa, mhunzi huliita jina la mtu huyo. Jina moja tu, mlango mmoja tu. Na lazima litundikwe kabla mvua ya kwanza haijaligusa. Likiguswa, hurudishwa motoni, na jina haliitwi.

Jembe lilipopoa, Senzota akalishika, akatazama mawingu. "Nani alirudisha moto?" aliuliza.

Mmoja akasema, "Ni wewe mwenyewe, mhunzi. Wewe ndiye uliyeingia kule."

Senzota akatikisa kichwa. "Jina langu nimeliita miaka mitatu ukutani. Linatosha."

Macho yote yakamgeukia Nanzia. Naye aliutazama mlango wa nyumba yake kule mteremkoni. Wasikilizaji hawana kitu juu ya milango yao. Maneno ya watu hayatundikwi. Alilitaka jembe lile. Alilitaka mpaka akaona haya.

Akasema, "Nitasema kweli, maana ndiyo niliyojifunza. Nililitaka jembe hili tangu lilipotoka. Nilimwacha mtu ukutani, nikapanda mlima, nikauacha ujuzi wangu wote ulionipa jina. Alipouliza 'Mimi nini?' chumbani kulikuwa na mtu mmoja wa kumjibu, na mtu huyo alinyamaza. Ningesema neno moja tu, leo mngekuwa na vijiti. Ukimya ule ulikuwa kazi yangu."

"Na nani aliyekunyamazisha, bibi maneno?" alisema Shangazi, akimsukuma mbuzi pembeni. "Ungekuja na kikapu siku ile ya kwanza, ungemzika mhunzi wako. Uyoga ni wangu. Kipimo ni changu. Maji ni yangu. Hata maziwa yaliyomwagika yalikuwa yangu! Mimi nimeongoza watu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na juu ya mlango wangu kuna utando wa buibui tu. Nataka jembe langu."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu Mrutu mrina asali alikuwa amejipenyeza mbele.

"Mimi hamnijui," alisema. "Sikuwa chumbani. Sijui hata kushika koleo. Lakini Nanzia aliujua ubaya wa neno lake kwa sababu lilinigonga mimi. Senzota ameuona uso wa ndugu yake. Mimi nitakufa nikiutazama mgongo. Na sikuondoka. Nilipanda mlima kila siku ya soko kumfundisha aliyeniumiza, ili asimwumize mwingine. Mwingine huyo ndiye huyu hapa, ameshiba, ameshika nyundo. Nyie wote mmelipata jembe hili. Mimi nimelilipia."

Nanzia aliinamisha kichwa.

Ndipo Mama Kajiru akanyanyuka kwenye kigoda, mikono myeusi kwa masizi.

"Mrutu, pole. Shangazi, asante. Dada Nanzia, asante mpaka nife. Lakini mnasema kana kwamba miaka mitatu nilikuwa nimelala. Mlipokuwa mkitema maji mlimani, nani alimtia uji kinywani asife? Siku moja alikaa nanyi mkekani. Asubuhi arobaini alikaa na mimi. Tanuru hili lina alama za viganja vyangu. Na mnaulizana nani alirudisha moto? Moto hurudishwa na mvukuto. Nani alikaa penye mvukuto?"

Senzota alimtazama Nanzia, mwanamke aliyenyamaza. Akamtazama Shangazi, mwanamke aliyemfundisha. Akamtazama Mrutu, mtu aliyeumia kwa niaba yake bila kumjua. Akamtazama mkewe. Kila alipomtazama mmoja, mguu wake ulielekea kwenye mlango wa huyo, na alipomtazama mwingine, mguu ukageuka.

Nanzia alikuwa amesimama bila maji kinywani. Angeweza kusema tena. Hakusema.

Tone la kwanza likaanguka vumbini, likatoboa shimo dogo. La pili likaanguka kwenye fuawe, likafoka. Senzota akalificha jembe kifuani, chini ya shuka lake, akaanza kukimbia, na nchi nzima ikakimbia nyuma yake ikishangilia. Mvua ikawanyeshea wote, lakini jembe halikulowa. Lilitundikwa kavu. Msimu ule mashamba ya juu yalilimwa mpaka kileleni, na kwa kila jembe lililofuliwa, Senzota aliliita jina moja.

Nimewapa wote wanne, na maneno yao kama walivyoyasema. Sasa mimi nami natia maji kinywani, sitawamalizia.

Semeni nyinyi: jembe lile Senzota alilitundika mlangoni kwa nani?